Ukili Usio na Mshonaji

Machi 29

Nimesimamishwa masomo kwa kosa la kusema kweli kwa kipaza sauti. Mabweni yalikaa bila maji, nikawaongoza wenzangu hadi langoni mwa utawala, na utawala ukaamua kwamba tatizo la maji ni mimi. Muhula mzima! Vema. Wameninyang'anya darasa, ulimi wameniachia.

Nimefika Msambweni adhuhuri, mvua ya kwanza ikinyunya. Bibi Chiku alikuwa barazani anasuka ukili wa kushonea mkeka, miguu ameinyoosha, chane za majani ya mwaa zimemzunguka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wamekufukuza?"

"Wamenisimamisha tu."

"Basi keti. Msimamo mrefu huumiza magoti."

Kaka Suleiman alicheka akiwa ndani, anapiga pasi shati lake la hotelini.

Machi 31

Nimemfuata Suleiman kazini, Diani. Sasa najua ninapigana na nini.

Kila jioni, basi la wageni likishafika, bendi yake husimama chini ya paa la makuti, wahudumu wakapanga glasi za maji ya matunda, na wimbo ukaanza:

*Mkeka wetu mzuri, umefika hotelini,*
*mgeni wetu karibu, lala raha kitandani.*

Wimbo huo una mwenyewe. Aliuimba mama yake Bibi Chiku, Mwanakombo binti Matano, mwaka 1930, kampuni ya santuri ilipokuja Mombasa kukusanya sauti kama wengine walivyokusanya pembe. Uliitwa "Ukili". Sahani zake ziliuzwa pwani nzima. Miaka ya hamsini bendi moja ikauimba redioni kwa kodiani bila kumtaja. Miaka ya themanini ukaingia hotelini kwa magitaa, ukabadilishwa jina, ukavalishwa kitenge, ukafundishwa kuinama. Leo kaka yangu ndiye anayeinama nao.

Nilimwambia hivyo njiani tukirudi. Akanijibu, "Hafsa, dawa za Bibi unazijua zinatoka wapi?"

Kibaraka huwa na hoja daima. Ndiyo maana hudumu.

Aprili 2

Bibi hajawahi kumsikia mama yake.

Jambo hili nimelijua leo tu, na nimeishi naye tangu Mama alipokwenda kufanya kazi Uarabuni, nikiwa darasa la nne. Mwanakombo alifariki Bibi akiwa angali ananyonya. Sahani ya nyumbani mjomba mtu aliivunja, kwa aibu kwamba sauti ya dada yake inauzwa dukani. Bibi akalelewa na Bi Mwanamisi, mmoja wa wanawake waliokuwa wakimwitikia mama yake ngomani.

"Kwa hiyo wimbo ulifundishwa na yeye?"

"Nilifundishwa kuitikia. Kuita ni kwa manju, na manju alikuwa mama. Alikufa hajamkabidhi mtu. Nani angeuchukua wito wake? Wenzake walibaki na majibu, wakanipa mimi."

"Yaani unayo majibu yote?"

"Yote."

"Na hujui anayejibiwa anasema nini?"

Alivuta chane mpya kutoka kwenye fungu. "Ninajua anaacha nafasi kiasi gani."

Aprili 5

Mvua tangu alfajiri. Kinamasi hadi jikoni.

Aprili 9

Nimefanya alichopaswa kufanya mtafiti yeyote. Nilimwekea Bibi simu mbele yake, nikafungua kinasa sauti, nikamwomba aimbe majibu. Nilimweleza kwamba ni urithi wa taifa, kwamba historia ya wanyonge huandikwa kwa pumzi zao wenyewe, kwamba kunyamaza ni kushirikiana na mwizi.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Naitikaje sijaitwa?"

Nikamsihi. Nikamtolea mfano wa wimbo wa hotelini: Suleiman angeweza kuimba wito, yeye akajibu. Suleiman, maskini, akajaribu pale pale. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma. "Wewe mwanangu unaimba vizuri. Lakini hapo palipokuwa pangu pamejazwa magitaa. Niingilie wapi?"

Ndiyo desturi ya kikundi chao, na hakuna hotuba inayoivunja: muitikiaji hafungui kinywa mpaka manju amwite. Basi liko jambo moja tu la kufanya. Lazima manju apatikane.

Aprili 17

AMEPATIKANA!

Mzee Abdulaziz wa Mji wa Kale, Mombasa, fundi wa saa, ana makabati mawili ya sahani za zamani. Nilivuka Likoni kwa feri ya asubuhi, nikamkuta anakunywa kahawa, na kabla sijamaliza hotuba yangu alikuwa ameshaishika kwa viganja vya mikono, kama mtu anayeshika kifaranga. Nyeusi, nzito, imemeguka ukingoni. "Ukili. Mwanakombo wa Msambweni."

Sindano ikashuka. Ikakwaruza kwanza, kama mchele unaopepetwa. Kisha ikaja sauti ya mwanamke kijana, kavu, isiyomwomba mtu chochote:

*Ukili wangu mrefu, umefika mlangoni;*
*nani wa kunishonea, nikilala kitandani?*

Kisha kimya. Mkwaruzo mtupu. Nikadhani mashine imeharibika. Mara akaita tena, ubeti wa pili. Kimya tena. Akaita, akangoja. Akaita, akangoja. Hadi mwisho.

"Wako wapi wanaoitikia?" niliuliza.

"Chini, barabarani," akasema Mzee Abdulaziz. "Marehemu baba alikuwapo. Wakala wa kampuni alikodi chumba orofani. Wanawake walikuja wote kutoka kusini, lakini wakala akasema mashine yake inataka koo moja, hao wengine ni kelele. Wakateremshwa. Naye bibi yenu akasema basi, nitaimba, lakini nafasi zao sizijazi. Akaziacha hivyo ulivyosikia."

Nililia, ninakiri. Kisha nikafikiri kwa haraka, kama nilivyozoea. Je, hili si ndilo shtaka lenyewe? Kodiani iliingia katika mapengo yale, gitaa likafuata, na leo kinanda cha hotelini kimekaa palepale palipokuwa pa wanawake wetu!

Sahani yenyewe hakunipa; haiwezi kustahimili safari. Aliihamishia sauti kwenye simu yangu. Sasa ninamtembeza mama yake Bibi mfukoni.

Aprili 18

Bibi alikuwa mlangoni kabla sijavua viatu.

"Umempata?"

"Nimempata, Bibi."

Alikaa chini polepole. Akajifunga vizuri leso yake, akakohoa kusafisha koo, akaweka mikono mapajani kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesubiri mwalimu. Nikatoa simu. Kidole changu kilikuwa juu ya alama ya kuchezea, Milcah akapiga kutoka Nairobi.

Milcah ndiye mwenzangu katika vuguvugu. Ndiye anayeendesha kurasa zetu mtandaoni. Nilitoka uani kumpasha habari.

"Usimchezee!" alipiga kelele. "Hafsa, usithubutu! Unaelewa una nini mkononi? Mtoto wa miaka themanini na tano anamsikia mama yake kwa mara ya kwanza na kumjibu. Hiyo ni mara moja tu, haiwezi kurudiwa. Tufanye siku ya Madaraka, mbele ya lango la hoteli, kamera ziko, watu wako, dunia inaangalia. Hapo watauachia huo wimbo wakitaka wasitake."

Nilisimama chini ya upenu wa paa, maji yananidondokea begani. Hoja ilikuwa na nguvu. Bado naiona ina nguvu. Machozi yanayotoka chumbani hulowesha mto tu; yakitoka hadharani yanaweza kung'oa lango.

Nikarudi ndani. "Sauti bado inasafishwa, Bibi. Ina kutu. Itakuwa tayari Juni mosi."

"Juni." Alifungua leso aliyoifunga. "Haya. Nimengoja zaidi ya hapo."

Aprili 26

Kurasa zetu zina wafuasi wengi kuliko wakazi wa Msambweni.

Mei 3

Bibi anauliza kila asubuhi, baada ya salamu: "Hajafika?" Nami: "Bado kidogo, Bibi." Imekuwa kama sehemu ya chai.

Mei 8

Suleiman amejua. Alinikuta nyuma ya nyumba nimeweka vipokea sauti masikioni, macho nimefumba, akachomoa kimoja akasikiliza. Uso ulimbadilika.

"Huyu ni yeye?"

"Ni yeye."

"Tangu lini unaye?"

Nikamwambia. Nikamweleza mpango, lango, kamera, siku ya Madaraka. Aliniangalia kama anavyoangalia mgeni aliyelewa mchana.

"Nipe mimi nimchezee sasa hivi."

"Kaka, akili yako imekodiwa. Huu ni mkakati. Mtu mmoja asubiri wiki chache ili ukoo mzima upate haki. Hilo ni kubwa mno?"

"Ni mtu gani anayesubiri? Wewe au yeye?"

"Yeye mwenyewe angekubali."

"Umemuuliza?"

Nilichomoa kipokea sauti kilichobaki.

"Hoteli wanamweka mama yake mbele ya wageni bila ruhusa," alisema. "Wewe unataka kumweka binti mtu mbele ya wageni bila ruhusa. Mimi nisiyesoma, hebu nieleze tofauti."

Nikamwita kibaraka. Alikwenda kazini. Nimebadilisha namba ya siri ya simu.

Mei 12

Mvua. Barabara ya Ramisi imekatika, hakuna gari lililopita.

Mei 15

Nimewapelekea hoteli madai yetu kwa mdomo, nimesimama, nimekataa kiti. Aliyenipokea ni Gerishom, meneja wa burudani, mtu wa Kakamega, shati la maua na pete ya ndoa inayombana. Nilitaka adui. Alinitengenezea chai.

"Dada yangu, mimi hiyo ngoma niliikuta hapa. Hakuna mtu alishawahi niambia ina mwenyewe. Nikiambia wakubwa tuweke jina la huyo mama, kwani kuna shida? Nipe time niwapange."

"Hatuombi kupangwa. Tunataka haki."

"Sawa, haki. Lakini Sule ameniambia kitu." Akashusha sauti. "Ati sauti uko nayo kwa simu na shosh, bibi yenu, hajaskia? Ai, Hafsa. Mimi kukhu, nyanya yangu, aliaga nikiwa kwa shift huku. Si umchezee tu? Hiyo ya camera mtafanya tu hata kama ashaskia. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Hatupigani na uongo kwa maigizo."

Nilipenda sentensi hiyo nilipoitamka. Nimeiandika hapa ili niione. Niliitamka mimi, ambaye nimemdanganya bibi yangu kila asubuhi kwa mwezi mzima.

Mei 16

Leo nilikusudia kumchezea. Wallahi nilikusudia. Nilimkuta amelala.

Mei 22

Bibi ana kifua. Kikohozi kizito, usiku na mchana. Anasuka akiwa amejilaza, ukili umeteremka kitandani umefika sakafuni. Leo hakuuliza "Hajafika?" Aliuliza, "Mama hajafika?"

Nilimwambia Milcah kwamba labda Bibi hataweza kusimama juani. Akasema kiti cha magurudumu kitaonekana vizuri zaidi.

Sikumkatia simu. Hilo pia naliandika ili nilione.

Mei 27

Hospitalini siku nne, sasa tuko nyumbani. Mapafu. Daktari alizungumza na Suleiman, si mimi, na Suleiman alirudi akaanza kuwasha moto wa chai bila kuniangalia.

Jioni nilikaa na Bibi. Alikuwa ananung'unika kitu puani, sauti inapanda na kushuka. Ni ule mvumo aliounung'unika siku zote akikuna nazi, akipepeta, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa chumbani nasoma kwa sauti hotuba za watu wengine. Nikatambua sasa: yalikuwa majibu. Alikuwa anayapitia, bila maneno, kama mtu anayepanga nguo za safari.

"Bibi," nikasema, "siku tano tu."

Akanishika kidole. "Manju mzuri hawachoshi waitikiaji wake," alisema. Alikuwa anatabasamu, kwa hiyo sikulielewa kama lawama.

Juni 2

Lazima niandike kwa mpangilio, la sivyo sitaandika kabisa.

Juzi, Mei 31, niliondoka baada ya adhuhuri kwenda Ukunda kuchukua mabango na kukodi spika. Bibi alikuwa amekunywa uji. Nilimwambia, "Kesho, Bibi," akaitikia kwa macho. Suleiman alikuwa amechukua ruhusa kazini akae naye.

Kijana wa spika alitaka kuzijaribu. Nikaunganisha simu yangu, nikacheza "Ukili". Spika mbili kubwa kuliko mlango, zimeelekezwa barabarani. Sauti ya Mwanakombo ikatoka pale kwenye duka la simu na viazi karai, ikapita juu ya bodaboda, ikagonga ukuta wa benki. Watu walisimama. Muuza mahamri aliweka chini koleo. Mwanakombo akaita: *nani wa kunishonea, nikilala kitandani?* Likaja pengo, na Ukunda nzima, naapa, ilinyamaza kungoja jibu.

Badala yake ukaja mlio wa simu. Simu yangu, kupitia spika zile. Suleiman.

Nikaikata. Nilikuwa katikati ya jaribio. Wimbo ukaendelea. Akapiga tena, nikakata tena, nikacheka na yule kijana, nikasema, "Kaka yangu huyo, hajui kusubiri." Mara ya tatu nikaizima milio yote ili wimbo ufike mwisho bila kukatizwa.

Ulifika mwisho. Nilirudi na mabango yamefungwa nailoni.

Nilikuta wanawake barazani.

Suleiman hakupaza sauti. Laiti angepaza. Alisema: "Aliamka vizuri kabisa. Akaniambia nimkalishe. Akajifunga leso. Akauliza, 'Mama anaita?' Nikakupigia umchezee sikioni, nikamwekea simu sikioni kabisa. Ikakatika. Nikamwambia mtandao, Bibi. Nikapiga tena. Akawa anasikiliza ile tuu-tuu. Ya tatu ililia mpaka ikachoka. Akasema, 'Nafasi yake ni ndefu.' Halafu akakaa hivyo anangoja, na mimi nimemshika, mpaka nikahisi simshiki mtu."

Tulimzika jana asubuhi, siku ya Madaraka, mvua ikipumzika kidogo kutuachia udongo. Vijana wa vuguvugu walikuja kutoka Ukunda na fulana zao. Wakatukuta makaburini, wakatazama chini, wakakunja mabango. Milcah ameniandikia. Amesema pole. Kisha ameuliza kama mtu yeyote alipiga picha dakika zake za mwisho.

Namba yake nimeifuta.

Juni 6

Hanga la msiba limeondoka leo. Wageni wamekunja mikeka, masufuria yamerudishwa kwa wenyewe. Kabla hawajatawanyika niliwakusanya wanawake wakongwe chumbani. Mjomba wetu alisema muziki si wa nyumba ya msiba. Nikamwambia huyu ni mama wa mwenye nyumba anambishia hodi binti yake. Akatoka nje, akatuachia.

Nikacheza. Mwanakombo akaita. Nikawatazama midomo, mmoja baada ya mwingine.

Bi Riziki, mkubwa wao, alifuta macho. "Maneno hatuna, mwanangu. Tulikuwa tukimwachia Chiku. Tulijua yuko."

Akaita tena. Tukakaa na mkwaruzo ule. Mvua ilikuwa inapiga bati.

Nimechukua ukili wake. Nimeuzungusha mara nyingi mkononi. Ni mrefu kiasi cha kushonwa mkeka wa mtu mzima, na mimi, shahada mbili kasoro muhula, sijui hata sindano ya mwaa hushikwaje.

Juni 10

Gerishom amekuja kutoa rambirambi, amebeba sukari na mchele, viatu vyake vyeupe vimeharibika kwa tope. Alikaa na Suleiman muda mrefu. Wakati wa kuondoka ndipo akanigeukia, kama anayeona haya.

"Dada, wakubwa wamekubali. Jina la mama litatajwa kila siku, na litaandikwa pale mbele. Wimbo utarudi vile ulikuwa, maneno yake. Mmeshinda."

Tumeshinda. Nililitazama neno hilo. Lilikuwa na kila herufi yake.

Akauliza kama nitawapa sauti ya zamani, mpiga kinanda ajifunze. "Na zile sehemu ziko tupu, atazijaza polepole tu, haitaharibu."

Suleiman alijibu kabla yangu: "Zile hazijazwi."

Nilimpa Suleiman simu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza msimu huu kumpa kaka yangu kitu alichokiomba.

Juni 21

Chuo kimeniita nirudi. Ninaondoka kesho. Leo nimekwenda Diani.

Ubao umewekwa, umeandikwa vizuri: "Ukili", Mwanakombo binti Matano wa Msambweni, 1930. Hakuna hata kosa moja la kusahihisha. Basi likaja, glasi zikapangwa. Gerishom akalitamka jina taratibu, kama mtu anayebeba maji.

Suleiman alisimama peke yake. Magitaa yalikaa chini. Akaimba kama alivyoimba Mwanakombo, kavu, bila kumwomba mtu chochote:

*Ukili wangu mrefu, umefika mlangoni;*
*nani wa kunishonea, nikilala kitandani?*

Akanyamaza, akangoja.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani umekwisha.

Aliwaacha wamalize, akaita ubeti wa pili, akangoja. Wakapiga makofi tena, kwa moyo zaidi, wanafurahi kwamba wameelewa jinsi unavyochezwa. Mpiga kinanda alikuwa amekalia mikono yake. Kila pengo alilolilinda Mwanakombo orofani Mombasa, kila pengo ambalo Bibi alilishika maisha yake yote, likajaa makofi.

Kabla ya pengo la mwisho Suleiman alinitafuta kwa macho kati ya meza. Akaniita mimi, si wageni. Nilisimama. Nimehutubia maelfu bila karatasi, nimewafokea askari wenye ngao. Kinywa changu kilifunguka, na mle ndani hamkuwa na neno, mlikuwa na ule mvumo tu, vipande vitatu vya mvumo wa mtu anayekuna nazi jikoni huku mimi niko chumba cha pili, mlango nimeufunga ili asinisumbue.

Nilisimama hivyo mpaka makofi yakaanza.